Mdogo wangu, ule ukuta mfupi usiuguse kwanza

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu, basi nakuandikia hapa ambako najua lazima utapita. Wengine watakaosoma watuwie radhi. Kama nao wana ukuta wa aina hii kati ya sebule na jiko, huenda wakaambulia chochote.

Umesema unataka kuubomoa ukuta ule mfupi ili upate nafasi na mwanga. Haya, tuanze na nafasi. Ukuta una urefu wa mita 3, na unene wake, tofali la sentimita 15 pamoja na lipu pande zote mbili, ni kama sentimita 18. Zidisha mwenyewe: unapata sakafu ya nusu mita ya mraba na kidogo juu yake. Pa kuweka kiti kimoja. Mwanga ndio usiseme. Ukuta umekomea mita moja kutoka chini, na mwanga wa dirisha la jikoni unapita juu yake bila taabu. Kinachotia giza sebule ile ni kabati refu ulilolisimamisha wewe kando ya dirisha, tena nilikwambia siku unalileta.

Utakachopata kweli ni kuonana. Aliyekaa kwenye kochi macho yake yako kama sentimita 115 kutoka sakafuni, kwa hiyo leo anamwona aliye jikoni kuanzia kiunoni kwenda juu. Ukibomoa atamwona mzima, na ataona sinki, ndoo na vyombo visivyooshwa. Kama hilo unalitaka, ni haki yako kulitaka. Lakini liite hivyo, usiliite mwanga.

Sasa nguzo. Ukuta mfupi wenyewe haubebi kitu, hilo tunakubaliana, maana juu yake ni hewa tupu. Swali ni ile nguzo iliyosimama mwishoni mwake hadi darini. Na hapa ndipo roho yangu ilipokwama. Fundi wako aliigonga kwa mpini wa nyundo, mara tatu, kama mtu anayechagua tikiti, akasema "hii ni pambo tu," nawe ukaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa amesimama palepale, mkono wake uko juu ya ukuta. Hakuna aliyemuuliza neno. Mlikuwa mnajadili kifusi kitatolewa kwa mlango upi.

Kugonga kunakuambia mambo mawili: tofali lina tundu au limejaa, na lipu imeshika au imeachana na tofali. Mzigo hausikiki. Nguzo ya matofali yenye sauti ya utupu inaweza kuwa imebeba katikati ya boriti ndefu, na nguzo ya zege yenye nondo nne inaweza kuwa imeishia kwenye ubao wa dari, haina kazi. Njia ya kujua ni kupanda darini na tochi na kuangalia kichwa cha nguzo. Kama boriti ya zege au ya mbao imekaa juu yake, au kenchi, yaani fremu inayobeba paa, imeegemea hapo, nguzo ile inabeba, na mtu wa kuamua ni mhandisi wa majengo. Fundi apumzike.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Nguzo inayobeba, ikiwa imejengwa kwa matofali yaliyoumana na yale ya ukuta mfupi, inashikwa na ukuta huo mita moja ya chini. Ukiondoa ukuta, urefu wa nguzo usio na kishikizo unaongezeka, na mitikisiko ya nyundo unaipa bure. Ndiyo maana nilisema, kama itaonekana inabeba, kaeni na mhandisi na mmuulize kuhusu kuacha kipande cha sentimita 45 hadi 60 kilichoshikana nayo.

Wewe ukanijibu kwamba mimi ni wa kukataa kila kitu. Sikukataa. Nilisema tupande darini kwanza. Mtu wa kukataa angenyamaza akakuacha, halafu angekuja kukucheka wakati dari inapasuka. Wewe una mikono mizuri, nimekuwa nikilisema mbele ya watu, vigae vya bafuni ulivyoweka havijaachia hata kimoja. Ila unapenda siku ya kuanza kuliko wiki ya kupima.

Nilichopendekeza, na ambacho hukutaka kukisikia mpaka mwisho, ni kupunguza kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali. Ukuta una kozi nne. Kila tofali lina kimo cha sentimita 23, na udongo wa kati sentimita moja, jumla kama 96, na bamba la jiwe la juu linafikisha mita. Ondoa kozi moja tu, rudisha bamba, unabaki na sentimita 76 hivi, ambacho ndicho kimo cha meza ya kulia. Bamba jipya likitokeza sentimita 30 upande wa sebule, magoti yanaingia na viti vya kawaida vinatosha. Lisitokeze zaidi ya hapo bila vyuma vya kulishikilia chini, maana mtu atakuja kulikalia, na jiwe halipindi, linakatika.

Usipunguze wote. Punguza mita moja na nusu upande wa mezani, ule wa kuelekea mlangoni uache kwa kimo chake. Mama akitoka kwenye kochi kwenda jikoni anapitisha mkono juu ya ukuta ule njia nzima. Umewahi kumtazama? Vishikio vya ngazi huwekwa kati ya sentimita 85 na mita moja, na ukuta wetu umeangukia humohumo. Wewe unaona kizuizi. Yeye ana kitu cha kushika katikati ya chumba ambacho hakina kingine.

Na kama bado unataka kubomoa wote, basi bomoa kwa utaratibu.

Soketi mbili za ukutani kwanza. Zima meinswichi, pima kila waya kwa testa uliyoijaribu kwenye soketi yenye umeme, kisha waya zivutwe mpaka kwenye boksi linalofunguka. Usikubali ziungwe na kufukiwa chini ya vigae; kiungo kikilegea kinapata joto, na hakuna atakayekiona.

Kisha bamba la juu. Halafu, kabla ya nyundo yoyote, kata kwa grainda mstari wa wima pale ukuta mfupi unapokutana na ule mrefu, pande zote mbili. Diski kubwa inaingia kama sentimita 6, inabaki kiini cha katikati ambacho unakivunja taratibu kwa tindo. Mkiruka hatua hii, matofali yaliyoumana yatang'oka na vipande vya ukuta mrefu, na ufa utapanda hadi darini. Teremka kozi kwa kozi. Asije mtu akapiga chini ili uanguke mzima: ukuta ule pamoja na lipu ni zaidi ya tani moja, na ukilala utavunja vigae vya pande zote. Kifusi kikivimba ni toroli 13 au 14, sasa ndiyo ujadili mlango. Nyunyizeni maji na mvae barakoa za vumbi laini, na mama asiwepo nyumbani siku hiyo.

Chini, chimbua sentimita 5 kupita usawa wa vigae, jaza mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, acha sentimita moja na nusu ya kigae na gundi. Vigae vya zamani havikupita chini ya ukuta, kwa hiyo utabaki na mstari wa sentimita 18, na rangi ileile hutaipata. Chagua rangi tofauti kabisa ionekane imekusudiwa. Lakini kabla ya yote laza ubao ulionyooka wa mita 2 uone kama sakafu mbili ziko usawa mmoja. Zikipishana hata sentimita moja, hicho ni kizingiti cha kumwangusha mtu mzima. Ukutani, lipu mpya iwekwe juu ya wavu, imwagiliwe siku 7, rangi isubiri wiki nne.

Kishikio cha mama kifungwe ukutani kabla ya tofali la kwanza kutoka. Hapo sina mjadala. Unajua kwa nini, na wengine si lazima wajue.

Sijasema hapana, nimesema kozi moja. Ngazi ipo nyuma ya nyumba. Jumamosi panda darini ukiwa na tochi, piga picha kichwa cha nguzo, na unipigie simu kabla hujashuka.