YAH: MALALAMIKO KUHUSU TIBA YA ULTRASAUNDI KWENYE KIDONDA CHA MAMA YANGU

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu naziacha, maana simu zangu nne hamkuzipokea.

Taratibu zenu mnazijua, sitazirudia. Nasema habari ya Jumanne ile. Kijana wenu aliyepangiwa saa tatu alifika saa tano, akatoa begini mashine ya ultrasaundi, ile ya kutibu kwa mawimbi ya sauti, kichwa cha mashine bado kina jeli iliyokauka ya mgonjwa aliyetangulia. Hakukifuta. Hakuvaa glavu. Akakibandika kwenye kidonda chenyewe. Mama tangu apate kiharusi hutoa neno mojamoja tu. Akasema, "Moto." Akarudia, "Moto." Kijana akacheka: "Bibi anadeka."

Mlipotuuzia vipindi 12 kwa shilingi 480,000 mlisema kidonda cha kulalia kitafunga ndani ya mwezi. Nani aliwaambia? Mwaka 2006 watafiti walijumlisha majaribio 3 ya tiba hii, wagonjwa 146, wala hawakuona ushahidi kwamba inaponya. Mimi fundi cherehani nimelijua hilo, ninyi wenye mashine mlikuwa wapi? Nesi wa zahanati ya mtaani ndiye aliyetuambia tumgeuze kila baada ya saa mbili, asilalie unyevu, apewe mayai na maharage, tutafute godoro la upepo. Ninyi hayo hamkuyataja. Labda kwa sababu hayana risiti.

Tena nirudi Jumanne. Kichwa cha mashine kikitulia sehemu moja kinaunguza, ndiyo maana hutakiwa kizungushwe, na kipite kwenye ngozi isiyo na jeraha, pembezoni mwa kidonda. Yeye alikituliza katikati ya nyama mbichi, mkono wa pili unachati. Mama anasema moto, yeye anachati. Anasema moto, anacheka. Mkono wake niliuondoa mimi, kwa nguvu. Alhamisi bandeji ilitoka na usaha wa kijani. Kabla ya hapo yalikuwa maji tu.

Naomba mnirudishie fedha za vipindi saba vilivyobaki. Tena sivyo, nataka zote 480,000, na gharama za kusafisha kidonda mzilipe ninyi. Na kijana aje amwombe mama radhi, simu aiache mlangoni.

Nawapa siku saba. Ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani, kisha Wizara ya Afya. Picha za kidonda ninazo, zina tarehe, na ile jeli niliikwangua nikaiweka kwenye kichupa.

Mimi,
Mtoto wa mgonjwa