Rangi ya gari inaziangusha ndege zetu za mfano

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na vijana, walimu na mafundi wa Nakuru, Kisumu na magharibi ya Kenya wanaounda ndege za mfano za rimoti, hasa zile zinazofuata vipimo vya ndege halisi. Kazi ya mbao mara nyingi huwa safi. Mambo huharibika mwishoni, ndege inapopelekwa gereji ikapuliziwe rangi kama bodi ya matatu.

Chukueni Super Cub, ndege ambayo KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, imeitumia kwa doria mbugani. Mabawa yake halisi yana mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha. Ukiunda mfano wa moja ya sita ya vipimo hivyo unapata mita 1.79, na eneo la mabawa la desimita mraba 46 hivi. Ndege hiyo ikiwa tayari kuruka, betri ikiwa ndani, inafaa isizidi kilo 2.4. Sasa pigeni hesabu ya rangi. Rangi ya gari pamoja na praima hukauka ikiwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi, na unene huo una uzito wa karibu gramu 130 kwa kila mita mraba. Ngozi yote ya ndege hii ni kama mita mraba 1.6. Umeshaongeza gramu 200 na ushei, na puti bado.

Gramu zinazoumiza zaidi ni za mkiani. Mkia wa Super Cub uko mbali na kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika, zaidi ya mara mbili ya umbali wa pua, kwa hiyo gramu 50 za rangi nyuma hudai zaidi ya gramu 100 za madini ya risasi mbele ili kusawazisha. Bila risasi hiyo pua huinuka, ndege hupoteza kasi na kuanguka kwa ubavu. Kitovu kiwe kati ya milimita 67 na 80 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, na kipimwe baada ya rangi kukauka, si kabla.

Uzito huo ungevumilika Mombasa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 17 hata kabla ya joto la mchana. Kisumu ni kama asilimia 10. Kwa hesabu, Super Cub yetu ya kilo 2.4 bila flapu (vibao vya bawa vya kuongezea mwinuko) huacha kuelea pwani ikishuka chini ya kilomita 30 kwa saa. Nakuru kikomo hicho hupanda hadi 33. Ongeza gramu 350 za rangi na risasi, kinafika 35. Miguu ya waya iliyotosha pwani hapa hupinda siku ya kwanza.

Dawa huanza dukani. Pimeni balsa, mbao nyepesi za kuundia ndege hizi, kwa mizani ya jikoni kabla ya kulipa: ubao wa mita moja kwa sentimita 10, unene wa milimita 3, ukiwa mwepesi una gramu 30, ukiwa mzito gramu 48. Ule wa 30 ni wa mkia. Mihimili ya bawa ipewe mti mgumu ulionyooka usio na fundo. Kwa ngozi, tafuteni kitambaa cha polista cha kupiga pasi kilichotiwa rangi kiwandani, gramu 85 hadi 90 kwa mita mraba. Rangi imo ndani tayari; kinachobaki kupulizwa ni mistari na herufi tu. Pigeni pasi juu na chini kwa zamu, la sivyo upande mmoja huvuta na bawa hupinda kama kigae. Wakati huohuo pindueni ncha za mabawa makusudi, ukingo wa nyuma uinuke milimita 9, ili ncha zisipoteze mwinuko kwanza ndege inapotua.

Uhalisi hauhitaji rangi nzito. Vitone vya gundi nyeupe kwa sindano juu ya kila ubavu wa bawa, kila milimita 10, kisha utepe wa kitambaa wa upana wa milimita 8 juu yake, huonyesha mishono ya ndege halisi vizuri kuliko rangi yoyote. Na mng'ao mkali huifanya ionekane kichezeo. Rangi iliyofifia kidogo huipa ukubwa.

Eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege upande), usukani na sehemu zote zinazocheza zipewe rangi kidogo kabisa. Uzito ukiwa nyuma ya bawaba, sehemu hiyo huanza kupigapiga yenyewe ndege ikishika kasi. Mafundi huuita mtetemo huo flata, na ndani ya sekunde chache hung'oa meno ya sevo (mota ndogo inayoisogeza sehemu hiyo) au eleroni yenyewe. Zibeni mwanya wa bawaba kwa utepe mwembamba, na waya wa sevo usilegee hata kidogo kwenye tundu lake.

Kwa mafundi wa rangi: NC (rangi ya nitroselulosi) na tina huyeyusha povu, basi ndege za povu zipakwe rangi ya maji. Kisumu, msimu wa mvua, msipulize NC jioni. Tina ikipaa huipoza rangi, unyevu huganda juu yake na kuacha ukungu mweupe. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi, ina kemikali za isosayaneti zinazoharibu mapafu. Kitambaa puani hakizizuii, na mwanafunzi asikae karibu inapopulizwa.

Walimu wanaosimamia maonyesho ya sayansi, tunawasihi muweke mizani mezani na muandike uzito wa kila ndege kabla na baada ya rangi. Alama za umaliziaji zitoke kwenye tofauti ya namba hizo mbili kwanza, mng'ao ufuate baadaye.

Waundaji wa ndege za mfano,
Nakuru