Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhusu akili unde (AI) katika utafiti

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Moshi, ambako nasimamia tasnifu za wanafunzi wa uzamili. Ombi langu ni kwamba masharti ya Tume kuhusu akili unde yamtake mtafiti aeleze alivyoitumia na athibitishe alichokiandika, badala ya kuviacha vyuo vitegemee programu za kunasa maandishi ya mashine.

Faida za akili unde sizikatai. Nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa ajili ya AlphaFold, programu inayobashiri umbo la protini. Hapa kwetu manufaa ni ya kawaida zaidi: mwanafunzi anayetafiti ushirika wa kahawa, asiye na fedha za kumlipa mhariri, hunyoosha Kiingereza chake, na mahojiano aliyorekodi hugeuzwa maandishi kwa jioni moja, ingawa lazima ayasikilize upya, kwani mzee wa Kibosho akichanganya Kiswahili na Kichaga, mashine huandika lolote bila haya.

Kinachonisumbua nakikuta kwenye marejeo. Katika rasimu moja ilitajwa makala kuhusu bei ya kahawa Kilimanjaro: jarida lipo, mwandishi ni mtu halisi, juzuu na kurasa zimeandikwa, lakini nilipoifungua juzuu hiyo, kurasa zile zilikuwa za makala nyingine kabisa. Mashine hizi hukisia neno lipi lielekee kufuata lipi, kwa hiyo hutunga rejeo la uongo kwa wepesi uleule zinaotaja la kweli.

Programu za kunasa hazitatuokoa. OpenAI, waliounda ChatGPT, walikuwa na ya kwao. Kwa takwimu zao wenyewe ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na ikayasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu, nao wakaiondoa Julai 2023. Wanaoelekea kuonewa zaidi ni wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, yaani sisi.

Afadhali mwanafunzi atamke ametumia programu gani na katika hatua ipi, ahifadhi data ghafi, na siku ya utetezi watahini wachague marejeo machache papo hapo, aeleze kila moja linasema nini. Hilo linahitaji muda wetu wasimamizi, ambao baadhi yetu tumezoea kuubania.

Lipo pia suala la taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, lakini mtafiti anayepakia mahojiano ya wagonjwa kwenye programu ambayo kompyuta zake ziko ng'ambo mara nyingi hatambui kwamba amezisafirisha. Naomba Tume ishauriane na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu inayotoa vibali vya maadili ya utafiti wa afya, ili fomu ya ridhaa ilitaje jambo hilo kwa Kiswahili anachokielewa mgonjwa, kabla hajatia saini.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa tasnifu, Moshi