Risala ya Wanafunzi wa Ala za Nyuzi kwa Mgeni Rasmi Kabla ya Kupigwa Trio ya Gideon Klein

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza. Desturi ya risala ni kukusomea historia ya shule. Leo tunaomba uturuhusu tukusomee historia ya kijana mmoja, kwa sababu kazi utakayoisikia haijulikani na wengi, na aliyeitunga hakuachwa hai aitangaze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Gideon Klein alizaliwa katika familia ya Kiyahudi tarehe 6 Desemba 1919, mjini Přerov, Moravia, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Alisomea piano Prague kwa Vilém Kurz, na utunzi kwa Alois Hába. Machi 1939 majeshi ya Ujerumani yakaingia Prague. Novemba mwaka huohuo vyuo vikuu vya Kicheki vikafungwa, na Wayahudi wakapigwa marufuku kupiga muziki hadharani. Klein akaendelea kupiga kwa jina la kubuni, Karel Vránek, na majumbani mwa watu. Mwaka 1940 alipata nafasi ya kusoma Royal Academy of Music, London. Hakuruhusiwa kuondoka.

Desemba 1941 alipelekwa Terezín, mji wa ngome uliogeuzwa geto, yaani mahali pa kuwafungia Wayahudi. Zaidi ya watu 140,000 walipitishwa humo. Wapatao 33,000 walifia humohumo kwa njaa na maradhi, na wengi wa waliosalia walisafirishwa kwenda kuuawa. Katika mahali hapo Klein alipiga piano, akawatungia wanakwaya, akawafundisha watoto yatima. Mtu asidhani kwamba muziki uliruhusiwa kwa huruma. Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walipokuja kukagua, mji ulipambwa na muziki ukatumiwa kuwaficha ukweli.

Trio hii, kazi ya wapigaji watatu wa fidla, viola na chelo, aliimaliza tarehe 7 Oktoba 1944. Siku tisa baadaye, tarehe 16, alipandishwa treni kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji, katika msafara mmoja na watunzi wenzake Viktor Ullmann, Pavel Haas na Hans Krása. Kutoka huko alihamishiwa Fürstengrube, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, akafa Januari 1945 akiwa na miaka 25. Makaratasi yake aliyaacha kwa rafiki pale geto, mwanamke ambaye baada ya vita aliyakabidhi kwa dada yake Klein, Eliška, aliyenusurika. Tunawashukuru wanawake hao wawili kila tunapofungua noti zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye muziki wenyewe, maana hatupendi uusikie kama tanzia. Una sehemu tatu. Ya kwanza ni fupi na changamfu, ina miguu ya ngoma, na mapigo yake yanahamahama kiasi kwamba asiyehesabu hupotea. Ya mwisho inakwenda mbio zaidi. Katikati kuna Lento, yaani sehemu ya mwendo wa polepole, ndefu kuliko zote, na hapo ndipo sisi tumetumia muda wetu mwingi. Klein amechukua wimbo wa kienyeji wa Moravia, unaotaja mnara wa kijiji cha Kněždub na bata bukini wa mwituni, akaugeuzageuza: mara unaimbwa polepole, mara unakasirika, mara unakatika ghafla. Angeweza kuchukua wimbo wowote duniani. Alichagua wa kwao.

Kinachotuuma ni kwamba kazi hii hutolewa kabatini hasa siku za kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi. Kumbukumbu ni haki na lazima iendelee. Lakini Klein alisoma ili awe mtunzi miongoni mwa watunzi, na Trio hii ina ubora wa kusimama katika onyesho lolote, karibu na kazi za watunzi mashuhuri kama Haydn au Bartók, bila kuombewa huruma.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi yetu ni haya. Tunapigia noti za kuazima. Tunaomba utusaidie kununua nakala zetu, pamoja na nyuzi za viola na chelo, ambazo zikikatika hukaa muda mrefu bila kupatikana. Ombi kubwa zaidi ni utufungulie milango ya shule nyingine, tukaipige kazi hii siku za kawaida, mbele ya wanafunzi ambao hawajawahi kulisikia jina la Klein. Ala zao wapigaji watatu watazibeba wenyewe. Tunachohitaji ni nauli na ukumbi.

Ahsante kwa kutusikiliza. Wapigaji wako tayari.

Tunaomba kuwasilisha.