Barua kwa wanangu wa Mwaloni: sanduku lisivunjwe kwa hofu

Wanangu wa kikundi chetu, na wengine wote mnaoanika na kuuza dagaa hapa Mwanza, kutoka Igombe mpaka Mwaloni Kirumba,

Mwangaluka. Nimeletewa habari kwamba kikao cha wiki iliyopita kilikaribia kupitisha kuvunja kikoba, yaani sanduku letu la kuweka na kukopeshana, miezi minne kabla ya wakati, kila mtu abebe hisa zake aende nazo nyumbani. Nimeambiwa pia wapo watatu ambao wameshaongea na kijana mmoja wa stendi awatafutie dola. Sikufika kwa sababu ya mguu. Ndiyo maana naandika, na ninaomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya wote, isiishie kwa mweka hazina.

Siwalaumu kwa kuogopa. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, na siku za vurugu zilizofuata, sote tulikuwapo. Intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtaani kwangu wakala alifunga dirisha lake, na hata alipofungua hakuwa na fedha taslimu. Nilikuwa na fedha kwenye simu lakini sikuweza kununua kilo mbili za unga. Nilikopeshwa na jirani ambaye ana noti za elfu moja moja kwenye kopo la kahawa. Mtu aliyepita hapo, akisikia tena maneno ya siasa yanapanda, mkono unakwenda wenyewe kwenye akiba. Naelewa kabisa. Ila akiba zilizopotea nimeziona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na nataka mjue zilipoteaje.

Mimi nilizaliwa wakati fedha ni moja Afrika Mashariki nzima. Shilingi yetu wenyewe ilitoka mwaka 1966, Benki Kuu ilipoanza kazi, na dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Leo inapita elfu mbili. Haikuporomoka siku moja. Ilichakaa polepole miaka mingi, halafu kuna miaka ilidondoka kwa kishindo, kama 1986, ilipotoka kwenye kumi na saba hivi kwa dola ikavuka arobaini kabla mwaka haujaisha. Aliyekuwa amefukia noti chini ya kitanda alizikuta zote, hakuna aliyemwibia hata moja, ila hazikununua tena alichokusudia.

Mama yangu alilijua hilo kabla yetu. Alikuwa haweki noti. Aliweka khanga na sabuni za mche, kwa sababu miaka ile ya upungufu sabuni ilikuwa na thamani kuliko shilingi. Chini ya kitanda chake palikuwa na maboksi kumi na moja. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, wakati Sokoine ni Waziri Mkuu, na mtu mwenye bidhaa nyingi nyumbani akawa na la kujieleza. Mama hakuwa mlanguzi. Alikuwa mjane mwenye watoto sita na akiba yake. Lakini aliogopa. Usiku tulibeba yale maboksi, mimi na yeye, tukayazamisha ziwani nyuma ya mawe. Siku ya tatu ziwa lilichafuka kidogo kwa upepo, na povu jeupe likawa linapiga mawe tangu asubuhi mpaka jioni. Mama alikaa mlangoni akalitazama siku nzima bila kusema neno. Miaka sita ya kazi yake iliondoka namna hiyo.

Nawasimulia hili kwa sababu nimewasikia mkisema, “Bora tununue vitu, vitu haviozi.” Vitu navyo vina siku yake mbaya.

Na fedha ya jirani nayo ina siku yake. Wazee wenzangu waliokuwa wakivusha samaki kwenda Uganda wanaikumbuka Mei 1987. Serikali ya kule ilitoa shilingi mpya, moja kwa mia za zamani, na kwenye kubadilisha ikakata asilimia thelathini. Hesabuni wenyewe: laki moja ya zamani inakuwa elfu moja, ukikatwa unabaki na mia saba. Kenya mwaka 2019 walitangaza mwezi Juni kwamba noti za zamani za elfu moja mwisho wake ni Septemba 30. Na hapa kwetu, Benki Kuu ilitoa miezi mitatu, Januari 6 mpaka Aprili 5 mwaka 2025, kurudisha noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile mia tano ya karatasi ya mwaka 2010. Mwezi wa tano bibi mmoja wa Igombe aliniletea furushi lililofungwa kwa kipande cha kitenge, akaniuliza kama bado nawafahamu watu wa benki. Nilizihesabu naye mpaka mwisho, kwa heshima tu, maana hazikuwa na pa kwenda.

Basi mtaniuliza, bibi, sasa tuweke wapi? Jibu langu mnalo tayari, mmelisahau tu. Ninyi ni watu wa dagaa. Kila mwezi mbalamwezi ikiwaka karabai za kuvulia hazina kazi, mitumbwi inalala, na ninyi hamfi njaa siku zile kwa sababu mliweka tangu giza. Na mnapoanika, wingu likitanda, aliyemwaga mzigo wote kwenye mchanga sehemu moja ndiye anayelia. Huyo atauza dagaa wake kwa watu wa chakula cha kuku. Mwenzake mwenye sehemu kwenye chanja, sehemu stoo, na sehemu alishauza asubuhi, anapoteza kidogo. Akiba igawanyeni hivyo hivyo, kwa kuangalia siku mtakayoihitaji.

Ya wiki mbili za chakula, dawa na nauli ikae nyumbani, kwa noti ndogo ndogo. Noti za elfu kumi kumi siku ya vurugu hazina chenji. Zisizidi hapo, na asijue kila mtoto zilipo.

Ya mwezi au miezi mitatu ikae benki na sehemu kwenye simu. Simu usiidharau, menyu ile ya nyota na namba inafanya kazi hata bila intaneti. Kinachokwama ni wakala. Namba ya siri usimwambie wakala hata kama macho yako hayaoni vizuri. Kuhusu benki, najua kuna wanaosema benki zinaweza kufungwa, na kweli zimewahi kufungwa: Januari 2018 Benki Kuu ilifunga tano kwa mpigo, mojawapo ya wakulima wa Kagera, ng'ambo yetu hapo. Lakini ipo Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifa, mwenye akaunti analipwa mpaka shilingi milioni saba na nusu, zamani ilikuwa milioni moja na nusu. Wengi wenu hamfiki hapo. Mwenye zaidi aweke benki mbili. Kwa hiyo hofu ya benki, kwa mtu wa kipato chetu, ni kubwa kuliko hatari yenyewe.

Ya mwaka na kuendelea, hiyo ndiyo isikae kama noti. Wenye kiwanja chenye karatasi, sawa. Mwenye ng'ombe kijijini, sawa, ila akumbuke ukame. Mimi ningeanza na chanja. Dagaa wa chanja hana mchanga, wanunuzi wanamlipa vizuri zaidi, na mvua ikianza unamfunika kwa turubai palepale. Fedha uliyoweka kwenye mbao na wavu wa chanja inarudi kila siku ya jua, shilingi ipande ishuke.

Dola sasa. Mwanangu, dola si dhambi. Anayekwenda kununua mzigo nje, au anayeuza kwa Wakongo, anaihitaji kwa kazi yake. Lakini ninyi mnalipa kodi ya nyumba, ada na unga kwa shilingi, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kulipana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kila ukiinunua unakatwa, ukiirudisha unakatwa tena. Na bei yake haipandi tu. Mwaka 2024 ilifika elfu mbili na mia saba na ushee, watu wakaikimbilia. Desemba ya mwaka huo huo ilikuwa imerudi kwenye elfu mbili na mia nne hivi. Aliyekimbia mwishoni alipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya akiba yake kwa miezi mitatu, bila mwizi wala vita. Kama ni lazima, nenda benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni, toa kitambulisho, chukua risiti. Yule kijana wa stendi hana risiti, na noti zake ukizikuta ni bandia huna pa kumshitaki, maana na wewe ulivunja sheria.

Nimeacha sanduku mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloniuma. Mnasema mvunje, kila mtu achukue chake. Fungueni daftari kwanza. Waliokopa ni kumi na wanne. Fedha yenu haimo sandukuni, wanangu, imo kwenye dagaa waliolala stoo za wenzenu, kwenye ada ya mtoto wa mwenzenu, kwenye nyavu. Mkivunja leo, wa kwanza kufika watachukua noti, wa mwisho watachukua madeni. Na hao kumi na wanne watazitoa wapi? Watauza mzigo mbichi kwa bei ya kutupa, au wataenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa. Halafu kausha damu akishaingia kwenye nyumba moja, mnajua anavyozunguka mtaa mzima. Sijawahi kuona kikundi kilichovunjwa kwa hofu kikarudi. Nimeviona vitatu hapa hapa Kirumba, na wanachama wake mpaka leo wakikutana sokoni wanapishana kama wageni.

Na bado sisemi sanduku libaki lilivyo. Fedha nyingi taslimu kwenye nyumba ya mtu mmoja, wakati watu wana hasira na njaa, ni kumtafutia huyo mtu balaa. Kikundi kimeshasajiliwa halmashauri kwa sheria ile ya huduma ndogo za fedha ya 2018, cheti kipo. Basi andikeni muhtasari, chukueni cheti na katiba, mfungue akaunti ya kikundi yenye waweka sahihi watatu, wasiwe ndugu. Sandukuni ibaki ya mfuko wa jamii tu, ya msiba na ugonjwa. Mikopo mipya simamisheni kwa miezi miwili, ya zamani iendelee kulipwa kwa ratiba yake. Mwenye shida ya kweli aseme kikaoni, asaidiwe kwa sauti ya wote.

Jambo jingine dogo, nalo limewatesa wajane wengi. Mwandikieni mtu mmoja mnayemwamini mahali fedha zenu zilipo: benki gani, laini gani, nani anadaiwa. Ukifa kimya, watoto wako watazunguka mahakama ya mwanzo kutafuta barua ya usimamizi wa mirathi, na wasipojua pa kuanzia, fedha italala huko.

Nitakuja Jumamosi, mguu ukinikubali nitapanda bajaji. Kabla ya hapo sanduku lisifunguliwe. Kufuli ya tatu ufunguo wake uko kwa mwenzenu aliyehamia Igoma. Mpigieni leo, aje nao mwenyewe, asimpe mtoto aulete. Na daftari liwe mezani, lile la zamani lenye jalada jekundu, maana lile jipya halina malipo ya mwezi wa nane.

Bibi yenu,
Kirumba