Kujua TIN yako hakumfanyi mtu kuwa afisa wa kodi

Mhariri,

Ninatunza vitabu vya hesabu vya wenye maduka madogo hapa Mwanza, na ninaumia kuona mitaji yao ikiliwa na watu wanaojifanya maafisa wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwenye simu.

Maneno yao yanafanana. "Mama, naongea kutoka mapato. Duka lako lina deni la laki nane, gari limeshatoka kuja kufunga. Tuma laki mbili kwenye namba hii nilizuie, na usikate simu." Kisha anataja jina la duka, TIN (namba yako ya mlipakodi), hata mtaa. Hapo mtu mzima anaishiwa nguvu. Nani mwingine angeyajua hayo?

Anaweza kuyajua yeyote aliyeokota risiti yako. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ina jina la biashara na TIN, mara nyingi na namba ya simu, na zimezagaa sokoni hadi stendi. Cheti cha TIN nacho kinaning'inia ukutani, kila mteja anakisoma.

Kodi ya kweli haina haraka ya namna hiyo. Ukikadiriwa unapewa makadirio kwa maandishi, na usiporidhika, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Ukilipa, unalipa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, iwe benki au kwa simu, na fedha inaingia serikalini. Ukiona jina la mtu binafsi kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, acha hapohapo.

Kwa hiyo kata simu, usibishane naye. Usihakikishe kwa namba aliyokupa yeye. Nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako ukaulize deni lako. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kama umeshatuma fedha, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyohiyo, kabla hajaitoa kwa wakala, kisha ukaripoti polisi. Wengi wananyamaza kwa aibu, naye anaendelea kupigia jirani.

Lipo jambo ambalo hatupendi kulisema. Wengine wanatuma wakiamini wanampoza afisa ili gari lisije. Madhali mfanyabiashara anaona jambo hilo linawezekana, tapeli atapata wa kumla.

Ndiyo maana naiomba TRA ije masokoni na kipaza sauti, siku za gulio, iseme wazi kwamba hakuna afisa anayepokea kodi kwenye simu yake, na ibandike tangazo hilo kwa herufi kubwa kwenye vibanda vya mawakala wa fedha. Mawakala nao, mteja akija anatetemeka huku simu iko sikioni, wamuulize anamtumia nani kabla ya kupokea hela yake.

Mtunza hesabu,
Mwanza