Unga puani

Kisumu, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mvua imetupiga wiki nzima, matope hadi mlangoni, ila sisi wazima. Sasa nikupe kisa cha wageni.

Kaka alifika kutoka Ujerumani na mkewe na binti yao. Binti na mwanangu wamepishana wiki mbili tu, wote miezi 19. Jumanne nikikanda chapati, wakaingia kwenye unga, pua nyeupe pee! Wifi akawasimamisha mbele ya kioo cha kabati. Binti akajitazama, akajifuta pua, akaangua kicheko. Wangu? Kimya, kama aliyesimamishwa mbele ya chifu. Mwisho akakimbilia leso ya mama.

Niliona haya, nisikufiche. Lakini jioni mama akamtuma kikombe, naye akakileta kwa mikono miwili, hatua kwa hatua. Binti alipotumwa kijiko alikimbia nacho nje.

Unamkumbuka Heidi Keller, yule mwanasaikolojia Mjerumani tuliyesoma kazi yake chuoni? Mwaka 2004 yeye na wenzake walilinganisha Wanso wa Kameruni, Wagiriki wa Athens na familia za Kosta Rika. Mama za Kinso walishinda na watoto mwilini. Wale wa Athens waliwachezesha zaidi uso kwa uso na kwa vitu vya kuchezea. Kufika miezi 18 hadi 20, Wagiriki wadogo wakaongoza kujitambua kiooni, Wanso kutii wakiagizwa au kukatazwa, Kosta Rika katikati. Nilikariri kwa ajili ya mtihani tu, kumbe yalikuwa yananingoja jikoni!

Nilipomweleza mama, hakuacha hata kuchambua omena. "Kioo cha nini? Anajua ni wa nani." Nusu yangu inamkubali. Nusu nyingine inawaza siku mwalimu atakapomuuliza yeye mwenyewe anataka nini, naye ageuke kunitafuta. Kwa hiyo siku hizi nikimwogesha namtazama machoni, tunapiga gumzo. Mama anacheka eti naongea na mtoto kama rika langu.

Wifi naye kajaribu kumbeba binti mgongoni. Leso ikafunguka mara mbili. Ya tatu mtoto akalala fofofo. Kesho wanapanda matatu kuja Nakuru, nao watalala kwako. Unga uweke juu.

Wako,
Mama Kijana